28 Si 28, Hata Ukinicheka

Nimejizuia kuandika nikitumaini hasira itapoa. Haijapoa. Nilienda duka moja la vipuri vya baiskeli hapa Kisumu, jina silitaji, nikitaka habu ya nyuma (kile kitovu cha gurudumu) na rimu ya alumini wanifungie gurudumu la baiskeli yangu ya resi. Rimu ya chuma siitaki: ukishuka Riat mvua ikukute njiani, chuma kilicholowa hakishiki breki. Nilitaka pia matundu 32 ya spoki. Zile za spoki chache nawaachia vijana wa mashindano, mimi nina kilo zangu na matuta ya kwetu nayajua.

Habu muuzaji alinipa nzuri. Nitaifikia. Rimu nilimwuliza waziwazi, "Hii ni 622?" Akamgeukia mwenzake, "Huyu anataka namba ya simu." Wakacheka. Kisha kwangu: "Boss, hii ni 28. Na 28 ni 28. Tairi yako itaingia."

Sasa sikieni. Rimu ya resi, pale tairi linapokalia, ina kipenyo cha milimita 622. Ya Black Mamba, ile baiskeli nzito ya mizigo, ni 635. Madukani zote mbili huitwa 28! Tena Mamba kwa kawaida ina spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa hiyo rimu yake ya mbele inalingana na habu yangu tundu kwa tundu. Anayehesabu matundu peke yake ataapa zimeumbwa pamoja. Fundi wao akafunga hiyo ya Mamba, akanyoosha, gurudumu likazunguka bila kuyumba hata kidogo. Nikalipa kwa M-Pesa.

Nyumbani tairi likagoma kupanda, kama suruali ya mtoto kwa mtu mzima. Nikavunja vijiti vyangu vya kuvalishia tairi. Nikarudi dukani nalo mkononi, ubavuni limeandikwa 25-622, nikamwonyesha. "Hiyo ni namba ya kiwanda tu." Nikamwomba tupime, futi ya kupimia ilikuwa pale pale mezani. Hakuigusa. Akanyoosha kidole kwenye kibao cha ukutani: bidhaa ikiuzwa hairudishwi. Halafu, mbele ya mama mmoja aliyekuja kununua tyubu, kwa sauti: "Mzee, kama unajua sana, fungua duka lako."

Rimu ningeisamehe. Ndiyo, ningeisamehe, watu hukosea. Lakini futi iko mezani, mteja anakuomba upime, wewe unamfanya kichekesho?

Na hasara haikuishia kwenye rimu. Rimu ndogo inataka spoki fupi zaidi, kwa hesabu yangu kila moja ipungue kama milimita sita. Zile ndefu zingechomoza ndani na kutoboa tyubu. Kwa hiyo spoki zote 32 nazo zikawa za kutupa.

Aliyeniokoa ni fundi wa chini ya mti, mtu wa maneno machache. Alipima habu, akapima rimu niliyoitafuta kwingine, ndipo akataja urefu wa spoki. Upande wa gia alikaza zaidi, kwa sababu pale spoki husimama karibu wima na zikilegea gurudumu linavutwa kushoto. Alizigusa moja moja kwa kidole akisikiliza mlio. Ukimsemesha hajibu mpaka amalize, na sikuona ubaya.

Habu sasa. Lazima niseme kweli: inazunguka kimya, haichezichezi, na bei yake ilikuwa ya haki. Kwa hiyo hilo duka nilikuwa nalipatia nyota mbili. Hapana, nikikumbuka kile kicheko ni moja, na hiyo moja ni ya habu, muuzaji hana kitu. Ila habu kama ile sijaiona kwingine mjini, na ya mbele inaanza kulia. Nitamtuma mpwa wangu. Aingie, alipe, atoke, na akiulizwa kama anataka rimu aseme hapana.