Uzoefu wangu na Spek, programu ya bure ya kukagua muziki wa "Hi-Res"

Kama wewe ni mnunuzi wa muziki wa kupakua wenye lebo ya 24/96 au 24/192, yaani ule wa "Hi-Res" unaodai ubora kuliko CD (biti 24 kwa kila sampuli, na sampuli, au vipimo vya sauti, 96,000 au 192,000 kwa sekunde), weka Spek kwenye kompyuta yako kabla hujalipia albamu nyingine. Ni bure, ni nyepesi, inakubali Windows, Mac na Linux, na haikuombi barua pepe wala namba ya simu. Kila albamu inayoingia kwenye diski yangu hupita hapo kwanza. Naandika kwa sababu naulizwa sana nimejuaje kwamba faili fulani ni changa la macho, na kumjibu mtu mmojammoja kumenichosha.

Kazi yake ni moja tu. Unaburuta faili la wimbo, unalidondosha kwenye dirisha lake, na baada ya sekunde chache unachorewa picha ya wimbo mzima. Kutoka kushoto kwenda kulia ni muda. Kutoka chini kwenda juu ni masafa, besi ikiwa chini na sauti nyembamba kabisa zikiwa juu. Rangi ndiyo nguvu ya sauti. Palipo peusi hamna kitu. Panapong'aa pana muziki, au walau pana kelele. Juu kabisa panaandikwa aina ya faili, kiwango cha sampuli na idadi ya biti. Hayo maandishi ya juu ni madai ya faili lenyewe. Picha iliyo chini yake ndiyo ushahidi, na raha yote iko pale viwili hivyo vinapogombana.

Hesabu yenyewe haina ugumu. Faili la kidijitali linaweza kubeba masafa hadi nusu ya kiwango chake cha sampuli. CD, tangu ilipoingia sokoni mwaka 1982, inachukua sampuli 44,100 kwa sekunde, kwa hiyo mwisho wake ni kHz 22.05 (kHz moja ni mara elfu moja kwa sekunde). Faili la kHz 96 linaweza kufika 48, na la 192 linaweza kufika 96. Sasa mtu akichukua CD ya kawaida, akaiongezea sampuli kwa programu yoyote ile, akaihifadhi kama 24/96, faili litanenepa, namba zitasomeka 24/96, na DAC yako, kile kifaa cha kugeuza faili kuwa sauti, itawasha taa ya 96 bila kusita. Muziki wenyewe utaishia palepale kwenye 22.05, na kutoka hapo hadi 48 ni giza tupu.

Mfano wangu ni albamu moja ya jazi niliyoinunua kwenye duka moja la mtandaoni la ng'ambo, ambalo silitaji. Ni kikundi kidogo, saksafoni, piano, besi na ngoma, na mpiga ngoma ni mtu wa matoazi kwelikweli. Toazi ni kipimo kizuri, maana mlio wake hupanda juu kuliko karibu ala nyingine yoyote, ukavuka hata mwisho wa masikio yetu. Kwenye Spek kila pigo la toazi huonekana kama mwale uliosimama, mpana chini, mwembamba juu, na katika rekodi ya kweli ya kHz 96 miale hiyo haifikii kimo kimoja: huu unafifia kwenye 26, ule kwenye 35, kutegemea alivyopiga. Kwenye albamu yangu miale yote ilikuwa na kimo kimoja. Ilipanda vizuri hadi kHz 22, ikakatwa kwa rula. Wimbo wa kwanza hivyo, wa mwisho hivyo, hata solo ya ngoma hivyo. Na bei ilikuwa karibu mara mbili ya toleo la ubora wa CD lililokuwa likiuzwa kwenye ukurasa uleule!

Niliwaandikia nikaambatanisha picha. Jibu la kwanza lilikuwa lile la kunakili na kubandika: tunathamini wateja wetu. La pili lilikuwa la ukweli zaidi. Walisema wao huuza faili kama walivyoletewa na kampuni ya muziki. Baadaye walinirudishia fedha kama salio la kununulia kitu kingine humohumo dukani. Nilipokea, lakini jibu lile la pili ndilo lililobaki kichwani. Duka linapokea mzigo na kubandika bei, na mkaguzi ni wewe.

Si kwamba wenye biashara hii hawakuliona tatizo. Mwezi Juni 2014 huko Marekani, kampuni kubwa za muziki pamoja na Recording Academy na vyama vya sekta hiyo zilikubaliana maana rasmi ya sauti ya ubora wa juu, wakaweka na alama nne za kueleza faili limetoka wapi. MQ-P ni masta (rekodi mama) ya kidijitali iliyozidi CD, MQ-A ni mkanda wa analogi, MQ-D ni DSD (mfumo mwingine wa kidijitali, nitaurudia chini), na MQ-C ni masta ya CD yenyewe, 16/44.1. Yaani waliweka kabisa mlango wa CD ndani ya nyumba ya Hi-Res, wakaupa na jina. Ningeridhika kama ningekuwa naambiwa nimepita mlango upi. Kwenye risiti zangu alama hizo sijawahi kuziona.

Kwa huku kwetu, kisa cha kawaida zaidi ni kile cha diski zilizojazwa tayari. Unamkuta jamaa ana diski ya nje yenye maelfu ya nyimbo za FLAC, dansi, taarab, rumba, bei ya kutupa. FLAC ni kifungashio kisichopoteza chochote, sawa, lakini hakirudishi kilichopotea kabla ya kufungashwa. Ukigeuza MP3 kuwa FLAC umepata MP3 nzito. Hapa Spek haina huruma. MP3 ya kbps 128 (kilobiti kwa sekunde) huacha dari kwenye kHz 16 hivi, na dari hiyo mara nyingi ina vibonge vinavyochomoza na kuzama, kwa sababu kisimbaji, yaani programu iliyotengeneza MP3, huamua kila kipande kidogo cha wimbo kama kina nafasi ya kubeba sauti za juu. Ile ya 320 hufika karibu na 20. Nilichungulia nyimbo kadhaa za diski moja ya aina hiyo pale Kariakoo kwenye laptopu yangu, mwenye mali akiwa amesimama pembeni, na hakuna uliovuka 16. Hakukasirika. Aliomba nimwekee na yeye hiyo programu.

Lakini sasa nitoe tahadhari, maana nimewaona watu wakiipata Spek asubuhi na jioni wameshamtangaza kila mtu mwizi. Picha kuishia chini haimaanishi daima kwamba umepigwa. Maikrofoni maarufu ya waimbaji, Shure SM58, kwa maelezo ya mtengenezaji wake inafika kHz 15 tu. Vinanda vya kidijitali vya miaka ya 1980, kama ile Yamaha DX7 iliyotoka mwaka 1983, vina ukomo wake wa masafa, na wimbo uliojengwa juu ya kinanda kama hicho hauwezi kuonyesha kitu ambacho kinanda hakikutoa. Santuri za zama za Siti binti Saad, aliyerekodiwa Bombay mwaka 1928, hata ukizihamisha kwa 24/192, sauti ya binadamu na ala inakaa ndani ya kHz chache za chini. Kinachojaa huko juu ni mikwaruzo. Hilo si wizi. Kuna sababu nzuri za kuhamisha santuri kwa sampuli nyingi, hasa kwa atakayesafisha mikwaruzo hiyo baadaye. Ila msikilizaji wa kawaida hana haja ya kuilipia.

Kwa hiyo angalia namna sauti inavyoisha. Rekodi ya mkanda hufifia taratibu, mvumo wa mkanda ukipungua rangi kadiri unavyopanda, bila mpaka unaoweza kuuwekea kidole. Ukuta ulionyooka kwenye 22.05 ni CD. Ukuta kwenye 24 ni kazi iliyofanyika kwa kHz 48, jambo la kawaida studioni, ambayo mtu ameamua kuiuza kama 96. Na kuna kihoja kimoja nakipenda, nacho ni programu mbovu za kuongeza sampuli, ambazo badala ya kuacha giza juu ya 22.05 huacha taswira iliyogeuzwa, kama minazi inavyojirudia kichwa chini kwenye maji ya hori. Kilichokuwa kHz 20 kinatokea tena kwenye 24, kilichokuwa 15 kinatokea kwenye 29. Ukiona hivyo huhitaji kuuliza swali jingine.

Utaona pia, kwenye rekodi nyingi za zamani, mstari mwembamba wa mlalo kwenye kHz 15.6 unaokwenda mwanzo hadi mwisho wa wimbo. Usishtuke. Ni runinga au skrini ya kioo kizito iliyokuwa inawaka studioni: mistari 625 mara picha 25 kwa sekunde ni 15,625. Kwa Marekani mstari huo unakaa kwenye 15.7. Mimi nikiuona hufurahi, maana faili lililokatwa kwenye 15 lisingekuwa nao.

Sasa mapungufu. La kwanza, Spek haioni biti. Mtu akichukua biti 16 akazijazia sifuri nane ziwe 24, picha haibadiliki hata nukta. Hapo mimi hutazama kasi ya data ya faili lenyewe, yaani kbps zake. FLAC ni janja, biti za mwisho zikiwa sifuri tupu haizihifadhi, kwa hiyo faili la "24/44.1" lenye uzito uleule wa CD ya albamu hiyo hiyo linajisema lenyewe. Mtu akiongeza kelele ndogo kuziba sifuri hizo, ujanja huu haufui dafu.

La pili, picha iliyojaa hadi juu nayo hudanganya. Rekodi zilizotoka kwenye DSD, mfumo wa biti moja uliokuja na SACD, diski ya sauti iliyokusudiwa kuizidi CD, mwaka 1999, husukuma kelele zake juu ya masafa tunayoyasikia. Ukizigeuza kuwa 24/96 unaona wingu linaloongezeka uzito kadiri unavyopanda, na anayependa rangi atashangilia. Wingu hilo halipandi wala kushuka na muziki. Limekaa tu, hata pale wanamuziki waliponyamaza.

La tatu ndilo kubwa kwangu: Spek haikuambii masta ni nzuri au mbaya. Ninazo albamu za 24/96 halali kabisa, miale inafika 40, lakini aliyezitengeneza upya amezikandamiza ili zisikike kwa kelele kuliko zote. Ukizifungua kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, nayo ni ya bure, umbo la wimbo ni tofali. Pigo la ngoma halina kilele, limelazwa sawa na sauti ya mwimbaji. CD ya miaka ya 1980 ya albamu hiyohiyo ina vilele vinavyopumua, na kwenye hedifoni inanipendeza kwa mbali. Ningelazimishwa kuchagua kati ya masta nzuri ya 16/44.1 na masta iliyokandamizwa ya 24/192, nisingechukua hata dakika kufikiri.

Maana tusidanganyane kuhusu masikio. Sikio zima la kijana linaishia karibu kHz 20, na umri hulikata. Mwaka 2007 Meyer na Moran walichapisha kwenye jarida la Audio Engineering Society jaribio ambalo sauti ya SACD na DVD-Audio ilipitishwa kwenye kifaa kilichoishusha hadi 16/44.1, na wasikilizaji wao hawakuweza kutofautisha. Wapo wanaoupinga utafiti huo, hasa wakihoji rekodi zilizotumika, na ubishi hauishi. Mimi hoja yangu ni ya mfuko. Sauti ya 24/96 ya stereo kabla ya kubanwa ni kbps 4,608, dhidi ya 1,411 za CD. Hata FLAC ikiipunguza, albamu moja inakaribia GB 1. Kwa anayepakua kwa bando, giza la kutoka 22 hadi 48 ni giza alilolilipia mara mbili.

Ukitaka kulizoesha jicho, anza na faili unazoamini. Kampuni ya Norway, 2L, imeweka faili za majaribio za bure, rekodi ileile kwa viwango mbalimbali vya sampuli. Fungua toleo la CD na la juu zaidi upande kwa upande, utaelewa kuliko maelezo yangu yote. Baada ya hapo fanya kama mimi: nunua wimbo mmoja wa albamu, wenye matoazi ikiwezekana, ukague, ndipo ulipie zilizobaki. Duka likikataa kuuza wimbo mmojammoja, chukua la ubora wa CD.

Matumizi yenyewe hayana taabu. Kuna vibonyezo vya kubadilisha kiwango cha chini na cha juu cha desibeli, na unaweza kuhifadhi picha, ambayo ndiyo utakayoituma dukani ukidai chako. Masasisho yake huchelewa kwa miaka, ila sijaona faili la FLAC lililoishinda. Kinachoniudhi ni kwamba inafungua faili moja kwa wakati mmoja. Mwenye diski ya terabaiti mbili atakesha. Naipa nyota nne, na ya tano naishikilia hadi siku nitakapoweza kuidondoshea folda nzima.