Taa za bei nafuu za baiskeli, porini usiku na kambini: uzoefu wangu

Kama una hela ya taa moja kubwa, nunua mbili za wastani: moja ya usukani, moja ya kichwani. Ndivyo ninavyomjibu kila anayeniuliza, na jibu hili huwa halifurahishi, kwa sababu matangazo yote yanavuta upande mwingine. Taa moja, macho manne, lumeni elfu kadhaa, na picha ya msitu mzima ukiwa mweupe. Nimeendesha na za aina hiyo, nimeendesha na za wastani, kwenye njia nyembamba zenye mizizi na mawe, kisha nikalala hemani na taa hizohizo. Seti ninayotumia sasa haina sifa kubwa kwenye boksi na sina mpango wa kuibadilisha.

Ya usukani ni ya alumini, LED moja, na betri moja ya 18650 (silinda ya lithiamu ya kuchaji, kubwa kidogo kuliko betri ya kawaida ya AA) ambayo unaitoa kwa kufungua kifuniko cha nyuma. Boksi linasema lumeni 1,000. Ya kichwani ni tochi ya kawaida ya kambi, lumeni 600 hivi ikiwa juu kabisa, nimeifunga kwenye helmeti, na yenyewe inatumia 18650 pia. Hilo la betri kufanana nililitafuta makusudi. Nyuma nina taa nyekundu ndogo ya kuchaji kwa USB. Zote ni za daraja la chini kwa bei, na majina yake wala hayatajwi sana.

Tuanze na lumeni, maana hapo ndipo watu wanapopigwa. Lumeni ni jumla ya mwanga unaotoka kwenye taa; haikuambii unakwenda wapi, wala haikuambii utadumu kwa muda gani. Isitoshe, mtu yeyote anaweza kuichapa namba yoyote kwenye boksi. Mimi huikagua kwa hesabu ya betri. 18650 nzuri ina takriban mAh 3,500 (mAh ni kipimo cha chaji ambayo betri inabeba) kwa volti 3.6, yaani wati-saa 12.6. LED nzuri, ukishaondoa kinachopotea kwenye saketi na lenzi, inakupa lumeni mia moja na ushee kwa kila wati. Kwa hiyo lumeni 1,000 zinakula wati 8 hadi 10, na betri moja itazihimili saa moja na robo, ikizidi sana moja na nusu. Sasa muuzaji akikuandikia lumeni 5,000 kwa saa sita kwa betri mbili, piga hesabu mwenyewe: zinahitajika wati 40 na zaidi, na betri mbili zina wati-saa 25. Dakika arobaini hazifiki. Taa ndogo kiasi kile ingekuwa imeshakuunguza vidole muda mrefu kabla ya hapo.

Betri zinazouzwa pamoja na taa nazo ni balaa jingine. Ukiona 18650 imeandikwa mAh 9,900, hiyo ni feki, hakuna mjadala. Silinda ya milimita 18 kwa 65 haiwezi kubeba kiasi hicho. Zile kubwa zaidi, 21700, zina milimita 21 kwa 70 na ndizo zinazofika karibu 5,000. Mizani ya jikoni inasaidia: 18650 halisi ina gramu 45 hadi 48. Moja iliyokuja ndani ya boksi la taa niliyowahi kuwa nayo ilikuwa nyepesi kiasi kwamba hata mkononi niliihisi, na haikuwahi kunifikisha nusu ya muda ulioandikwa. Nunua taa bila betri ikiwezekana, kisha betri uzinunue kwa muuzaji wa betri.

Muda ulioandikwa nao una ujanja wake. Watengenezaji wengi wa tochi wanafuata kiwango cha Marekani cha ANSI FL1, ambacho kinahesabu muda hadi mwanga ushuke na kufikia asilimia 10 ya ulivyoanza. Yaani taa inaweza kuwaka vizuri dakika arobaini, ikafifia, ikajikokota saa tatu nyingine kwa mwanga wa kusomea ramani, na boksi likaandika saa nne bila kusema uongo. Tafuta mchoro wa mwanga kwa muda. Kama hakuna mchoro, angalia kiwango cha kati kinadumu vipi, kwa sababu ndicho utakachoendeshea. Taa yangu ikiwa juu kabisa hujishusha yenyewe nikisimama, kwa sababu ya joto. Upepo wa mwendo ndio unaoipoza. Kwenye kati, lumeni 400 hivi, inakaa palepale hadi betri inapokaribia kuisha.

Na 400 zinatosha? Kwa njia za polepole, ndiyo. Ukiwa kasi ya kilomita 20 kwa saa unapita mita tano na nusu kila sekunde. Hadi jicho lione gogo na vidole vivute breki umeshakula mita sita hadi nane, kisha udongo mlegevu nao unataka mita zake. Ukiona vizuri mita ishirini mbele, uko salama. Mteremko wa kuachia breki ni habari nyingine, na hapo ndipo ninapobonyeza kiwango cha juu, kwa dakika chache, kisha narudi.

Lakini kilichonishawishi kabisa kuhusu taa mbili ni vivuli. Taa ya usukani iko chini ya macho yako, kwa hiyo kila jiwe na kila mzizi unatupa kivuli nyuma yake ambacho wewe unakiona, na kivuli ndicho kinachokuambia shimo ni la kina gani. Taa ya helmeti iko karibu na jicho, vivuli vinajificha nyuma ya vitu vyenyewe, na ardhi yote inaonekana bapa. Ukiendesha na ya helmeti peke yake utalivamia shimo uliloliona waziwazi, ukidhani ni doa. Upande mwingine, ya usukani inamulika gurudumu linakoelekea tu. Kwenye kona kali inaangaza miti wakati wewe unataka kuona njia inapindia wapi, na ya helmeti inageuka na shingo yako. Kila moja inaziba pengo la mwenzake. Kwenye vumbi la aliyetangulia au ukungu, zima ya helmeti au ishushe kabisa, maana mwanga unakurudia usoni ukawa ukuta mweupe. Ya usukani naielekeza ili kitovu cha mwanga wake kitue mita kumi hadi kumi na tano mbele, ya helmeti mbele kidogo ya hapo.

Kishikio nacho kisidharauliwe. Vile vya mkanda wa mpira wenye matundu vinafungwa na kufunguliwa haraka, ila kwenye mawe taa yenye pua nzito inainama kidogo kidogo hadi unajikuta unamulika tairi. Dawa yake ni kipande cha tyubu ya zamani: kikate, kizungushe kwenye bomba la usukani, funga juu yake. Na kagua mpira kwenye lile tundu unalolitumia kila siku, ndipo unapoanza kupasuka. Kishikio cha bolti ni bora kama taa haihami baiskeli.

Kuna ugonjwa mmoja ambao sijauona ukitajwa kwenye maelezo ya muuzaji yeyote. Taa nyingi za bei ya chini zina springi upande mmoja tu wa betri. Ukishuka ngazi za mawe betri inaruka, inaachana na mguso kwa kitambo kidogo sana, na saketi inaelewa kwamba umezima. Inarudi kwenye kiwango cha chini, au hairudi. Taa niliyokuwa nayo kabla ya hii ilikuwa na tabia hiyo, na kila mara ilichagua katikati ya mteremko. Fungua kifuniko kabla ya kulipa, au tafuta picha ya ndani: springi ziwe pande zote mbili. Kisha jaribu kwa kuigonga taa kwa nguvu kwenye kiganja ikiwa imewaka. Usijaribu kuziba nafasi kwa foili au sumaku, betri ya lithiamu ikipigwa shoti haina huruma.

Swichi: iwe kubwa, ihisike kwa glavu, na mwanga wa kumwekamweka usiwe kwenye mzunguko wa kawaida. Sielewi nani anabuni taa ambayo ili utoke juu kwenda chini lazima upitie kumwekamweka. Msituni, usiku, kwenye mwendo, hiyo ni kufungwa macho. Kwenye yangu unaipata kwa kubonyeza mara mbili, na nimeshaisahau kama ipo.

Maji: IPX4 ni ya kurushiwa matone, IPX7 ni kuzama mita moja kwa nusu saa. IPX4 inanitosha, mradi kile kifuniko cha mpira cha tundu la kuchajia kinakaa sawasawa.

Kwenye kuchaji kuna kero moja. Taa nyingi rahisi zina tundu la USB-C lakini hazichaji kwa kebo yenye C pande zote mbili. Mtengenezaji ameruka rezista mbili ndogo za kiloomu 5.1 ambazo ndizo zinazoiambia chaja kwamba kuna kifaa kinachoomba umeme, kwa hiyo chaja haitoi kitu. Taa haijafa. Beba kebo yenye USB-A, ile pana ya zamani, upande wa pili. Taa yangu ya nyuma iko hivyo, na kebo yake inakaa ndani ya begi la vifaa pamoja na viraka. Pawabenki ya mAh 10,000 ina wati-saa 37. Ukiondoa kinachopotea njiani, hesabu kuzijaza 18650 mbili na kubakiwa na kidogo cha simu.

Kambini mambo yanageuka. Taa ya baiskeli ni mbaya hemani: mwanga umekusanywa katikati, na kiwango chake cha chini kabisa mara nyingi ni lumeni mia na zaidi, ambazo zinaumiza macho na kumaliza betri bure. Ya kichwani ndiyo inayofanya kazi hapa. Yangu inashuka hadi lumeni chache tu, na ina mwanga mwekundu. Macho yanahitaji dakika 20 hadi 30 kuzoea giza, na mwekundu hafifu hauyaharibii mazoea hayo kama mweupe unavyofanya, kwa hiyo ukitoka nje kuangalia nyota bado unaziona. Ukitaka mwanga wa kikundi, iweke ya usukani ikitazama juu chini ya chupa ya maji yenye ukungu-ukungu. Inasambaza mwanga vizuri kuliko taa nyingi zinazouzwa kwa kazi hiyo.

Rangi ya mwanga ni suala ambalo nina ubishi nalo. Zile za kelvini 6,500, nyeupe ya bluu, zinaonekana kali dukani, lakini njiani majani mabichi, udongo na mawe yaliyolowa vyote vinakuwa kijivu kimoja. Kelvini 4,000 hadi 5,000 zinanipa tofauti kati ya mzizi na tope, na kambini mwanga ulioelemea njano unavuta wadudu wachache kuliko ule wa bluu.

Betri za akiba zikae kwenye kasha la plastiki, si mfukoni na funguo. Ukisafiri kwa ndege, za akiba ni za mkononi, haziruhusiwi kwenye mzigo unaopakiwa chini. Kwenye baridi kali lala nazo ndani ya mfuko wa kulalia, na usizichaji joto likiwa chini ya sifuri.

Taa za dainamo ya kitovu cha gurudumu nimeziazima. Volti 6, wati 3, hakuna betri ya kufikiria, nzuri sana kwa safari ndefu za barabarani. Njiani porini, ukipanda mlima polepole zinafifia pale unapozihitaji. Vilevile zile zilizokatwa mwanga wa juu kwa kufuata sheria za Ujerumani ni za kistaarabu kwa wanaokuja mbele yako barabarani, lakini matawi yanayoning'inia hutayaona hadi yakuguse. Kuhusu ya nyuma, ukiwa na wenzako iweke iwake mfululizo kwa kiwango cha chini. Aliye nyuma yako akimulikwa usoni na taa ya kumwekamweka saa nzima hatakuja safari ijayo.

Kama hela inatosha moja tu kwa sasa, anza na ya kichwani, kwa sababu ndiyo utakayopikia, utakayozibia pancha na utakayotafutia hema. Kwa kuendesha, usiiweke kwenye helmeti mpaka upate mwenzake. Zungusha mkanda wake kwenye begi la usukani, ukaze, uielekeze chini kidogo, na uende polepole.