Korhogo: niligeuza kitambaa nione mishono, nikafokewa

Nianze na hasira, maana bado ninayo. Muuza duka mmoja mjini Korhogo, kaskazini mwa Kodivaa, alinipokonya kitambaa mkononi kwa kosa la kukigeuza nione nyuma. "Ukitaka kununua nunua, usichunguze!" Mbele za watu. Kilichorwa hondohondo, kinyonga na mamba, na bei aliyotaja ni ya kitambaa cha Fakaha, kijiji cha wachoraji wa vitambaa.

Basi geuzeni, ndugu zangu. Kitambaa halisi cha Wasenufo, watu wa huku, ni cha pamba iliyosokotwa kwa mkono. Hufumwa vipande virefu vyembamba, kisha vikashonwa kimoja kando ya kingine. Kwa nyuma mishono hiyo unaiona, na nyuzi hazilingani unene. Cha yule bwana kilikuwa pande moja pana la kiwandani, halina mshono hata mmoja, na rangi imekaa juu kama gamba. Pale kilipokunjwa imeshapasuka.

Kazi yenyewe haiendi hivyo. Mchoraji hutandaza kitambaa juu ya ubao, akachora kwa kisu butu alichochovya kwenye maji ya majani yaliyochemshwa. Mstari wa kwanza ni hafifu, wa kimanjano. Ukishakauka anaupitia tena kwa tope jeusi la bwawani lililovundikwa. Tanini, ile dawa kali ya asili iliyomo kwenye majani, ikikutana na chuma kilichomo kwenye tope, ndipo weusi unaposhika ndani ya uzi. Ukiruka majani, tope linakosa cha kushikana nalo. Ni kazi ya subira, ndiyo maana wenye haraka wanakimbilia rangi ya dukani. Wauze, lakini kwa bei yake na kwa jina lake!

Nilikusudia kuandika "msiende". Siwezi, kwa sababu ya Fakaha. Ni mwendo wa kilomita 35 hivi, kupitia Napié, na huko wachoraji walinigeuzia kitambaa wao wenyewe kabla sijaomba. Hadithi kwamba Picasso, mchoraji maarufu wa Kihispania, alifika pale mtaisikia. Ushahidi hakuna, na bei isipande kwa ajili yake. Kijiji cha Waraniéné ni karibu zaidi na mji, ila kule wanafuma, hawachori: ukitaka shuka au nguo ya mistari nenda huko. Shanga za udongo ni kijiji cha Kapélé.

Dereva mwambieni mapema ni Fakaha moja kwa moja, na mpatane nauli ya kwenda, kusubiri na kurudi. Mkimwachia achague, atawashusha kwenye duka linalompa chake. Na msitu mtakatifu wa Poro, chama cha siri cha jando cha Wasenufo, msiuingie wala kuupiga picha, hata mtu akijitolea kuwapeleka kwa malipo.

Fakaha nyota tano. Mji nilitaka kuunyima zote, lakini wachongaji wa mtaa wa Koko waliniachia nikague vinyago nitakavyo, hata chini ya kitako. Hao wana haki ya nyota tatu. Yule bwana wa duka hana hata nusu.