Misimu sita na taarifa ya maporomoko ya theluji ya Davos: uzoefu wangu

Mimi ni mtu wa Moshi. Asubuhi mawingu yakifunguka tulikuwa tunaiona theluji ya Kibo kutoka uwanja wa shule, na mpaka naondoka nyumbani nilikuwa sijawahi kuigusa. Niliigusa Uswisi, jimbo la Graubünden, nilikoolewa. Familia ya mume wangu ni watu wa milima. Skii ni mbao ndefu za kufunga miguuni na kutelezea theluji, nao hawakai kwenye lifti za kupandia mlima na njia zilizosawazishwa tu. Wanabandika mikanda ya manyoya chini ya skii ili zisirudi nyuma, wanapanda kwa miguu yao saa tatu au nne, kisha wanateremka mahali ambapo hakuna aliyepita. Nikajifunza. Huu ni msimu wangu wa sita.

Siku hizi napigiwa simu na Watanzania na Wakenya wanaoishi huku, wameanza skii, wanauliza: dada, unaangalia programu gani ya hali ya hewa? Nawajibu kwamba hali ya hewa naiangalia, lakini kitu ninachokisoma kwanza ni kingine. Ni taarifa ya kila siku ya hatari ya maporomoko ya theluji, inayotolewa na SLF, taasisi ya utafiti wa theluji na maporomoko iliyoko mji wa Davos. Ipo kwenye tovuti yao na kwenye programu yao ya simu iitwayo White Risk, na kuisoma hulipi kitu. Nimeitumia muda wa kutosha kuisemea.

Inatoka saa kumi na moja jioni. Nyumbani kwa baba mkwe saa hiyo ni kama saa mbili usiku ilivyokuwa kwa marehemu baba yangu, taarifa ya habari inapoanza redioni na watoto wote kimya. Katikati ya msimu inatoka na nyingine saa mbili asubuhi, kurekebisha ya jana kwa yale yaliyotokea usiku. Mzee anaisoma kwa sauti hata siku ambayo hana safari. Mwanzoni nilidhani ni mazoea tu ya uzee, mpaka siku moja aliponisimulia Februari ya 1999. Theluji ilianguka kwa vipindi karibu mwezi mzima, mahali pengine zaidi ya mita 5. Maporomoko yaliua watu 17 Uswisi, 12 kati yao kijiji cha Evolène, na ng'ambo ya mpaka, Galtür na kitongoji cha jirani huko Austria, watu 38. Wengi wa hao hawakuwa kwenye skii. Theluji iliwafuata kijijini. Tangu siku hiyo na mimi ninanyamaza saa kumi na moja.

Sasa taarifa yenyewe. Ukifungua unakuta ramani ya Uswisi yenye rangi. Ngazi za hatari ni tano: 1 ni ndogo, kijani; 2 ya wastani, njano; 3 kubwa kiasi, rangi ya chungwa; 4 kubwa, nyekundu; 5 kubwa sana, nyekundu na nyeusi. Hapo ndipo nilipokosea msimu mzima wa kwanza. Nilikuwa naiona 3 kati ya 5 kama alama ya mtihani: umefaulu, si vibaya. Lakini hatari haipandi kwa hatua zilizo sawa. Kutoka 2 kwenda 3 inaruka, na 3 ndiyo ngazi inayoua watu wengi kuliko nyingine zote, kwa sababu ikifika 4 walio wengi wanabaki kwenye njia zilizosawazishwa, ila ikiwa 3 jua linawaka na kila mtu anataka kutoka. Jambo jingine lililonishtua: mara nyingi mno, anayefukiwa huwa poromoko limeanzishwa na yeye mwenyewe au na mwenzake wa safari. Mlima haukuvizii, uzito wako ndio unaoufyatua. Tangu majira ya baridi ya 2022/23 wameongeza alama za kujumlisha, sawasawa na kutoa pembeni ya namba, na kwa kweli zinasaidia. 2+ na 2- kwangu ni siku mbili tofauti kabisa.

Hata hivyo, namba ni kichwa cha habari tu. Bonyeza eneo lako usome kilichoandikwa chini yake. Utaambiwa hatari iko juu ya kimo gani, iko kwenye miteremko inayotazama upande gani, na tatizo ni la aina gani kati ya matano: theluji mpya, theluji iliyobebwa na upepo, tabaka dhaifu la zamani, theluji iliyolowa, au theluji inayoserereka yote kwa pamoja juu ya majani. Mimi na rafiki yangu Mkenya anayeishi mji wa Chur tulikaa jioni moja tukatafuta Kiswahili cha maneno haya yote, kwa sababu taarifa inatoka kwa Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kiingereza, na ukiwa mlimani umechoka, lugha ya kuelewa haraka ni ile uliyonyonya nayo. Ile sauti ambayo theluji hutoa tabaka la chini likivunjika ghafla chini ya miguu yako, Waswisi wanaiita wum. Sisi tukasema theluji imeguna. Neno hilo limeshika kuliko yote.

Nieleze hilo tabaka dhaifu la zamani, maana ndilo lililonifanya niiamini taarifa hii.

Theluji ya mwanzo wa msimu mara nyingi huwa nyembamba. Ikikaa wiki kadhaa chini ya anga safi na usiku wa baridi kali, sehemu ya chini inayogusa ardhi inabaki na joto kidogo huku ya juu ikiganda vibaya sana. Mvuke unapanda kutoka chini kwenda juu ndani ya theluji yenyewe, na zile chembe zinabadilika umbo: zinakuwa kubwa, zenye kona, kama sukari ya mezani, na hazishikani tena. Kisha Januari inakuja theluji nyingi na upepo, inajenga bamba gumu juu yake. Chukua sinia, mimina mchele mkavu, laza chapati nzito juu, kisha inamisha. Chapati haichaniki, inaondoka nzima. Mlimani chapati hiyo inaweza kuwa na upana wa uwanja wa mpira, na wewe umesimama katikati yake.

Jumapili moja ya Januari, mwaka juzi, tulitoka mimi, mume wangu na wifi. Programu moja ya hali ya hewa niliyokuwa naitegemea, jina sitalitaja, ilikuwa imenichorea jua zima, nyuzi 6 chini ya sifuri, upepo hakuna. Na kweli, anga lilikuwa la buluu hata machozi yanatoka. Taarifa ya jioni ilisema 3, tabaka dhaifu la zamani, juu ya mita 2,200, kuanzia magharibi kuzunguka kaskazini mpaka mashariki. Ilionya pia kwamba dalili za nje ni chache, sehemu za hatari huwezi kuziona kwa macho.

Mbele yetu kulikuwa na mteremko wa kaskazini ambao sijawahi kuona mzuri kama ule. Theluji ya unga, imetulia, na juu yake tayari kuna michirizi minne ya watu waliopita asubuhi. Nikamwambia wifi, "Wifi, wenzetu si wameshapita?"

Akajibu, "Wamepita. Ila hawajakanyaga pale theluji ilipo nyembamba, uzito unapolifikia lile tabaka."

Nilikasirika, nakiri. Tulikuwa tumepanda saa tatu. Wifi akasema basi, kabla hatujabishana, tuchimbe. Tukatafuta mahali salama, karibu tambarare, upande uleule unaotazama kaskazini. Tulipokuwa tunaelekea pale theluji iliguna. Sauti nzito, fupi, na uwanda wote ukashuka labda sentimita moja chini ya skii zangu. Niliusikia tumboni kabla ya masikioni. Hakuna aliyesema neno.

Tukachimba mpaka ardhini, kama mita moja na robo. Ukuta wa shimo unasomeka kama kitabu ukiusafisha vizuri: juu laini, katikati gumu kiasi cha kugonga kwa ngumi, na chini kabisa, sentimita ishirini hivi, kijivu chenye kumeta. Niliingiza mkono wenye glavu pale chini. Ile theluji ilitiririka kutoka kwenye kiganja changu bila kuacha hata donge moja, sawasawa na sukari ikitoka kwenye kijiko. Wifi akakata nguzo ya upana wa beleshi, akalilaza beleshi juu yake na kuanza kupiga kwa mkono, kuona nguzo itakatika pigo la ngapi. Mapigo kumi ya kwanza kwa kifundo cha mkono, hakuna kitu. Akahamia kiwiko. Pigo la pili, yaani la kumi na mbili, nguzo yote ilikatika pale kwenye sukari na kuteleza mapajani mwangu kama droo inayofunguliwa.

Ule mteremko haukuporomoka siku hiyo. Tuliushuka mlima kwa upande wa nyuma, penye mwinamo mdogo, theluji mbaya yenye ganda, na nilipotazama nyuma ile michirizi minne ilikuwa bado ipo, mizuri, na watu wale bila shaka walikunywa kahawa yao salama na kuona wamechagua vizuri. Hilo ndilo gumu la jambo hili. Mara nyingi kosa halikuadhibu. Unarudi nyumbani umefundishwa vibaya na bahati yako mwenyewe. Kwa hiyo unahitaji sauti nyingine, inayotoka nje ya macho yako na nje ya hamu yako, na iliyokuwepo Novemba wakati wewe ulikuwa bado hujatoa skii zako stoo.

Sauti hiyo SLF wanayo. Pale Weissfluhjoch, juu ya Davos, wamekuwa wakipima theluji tangu 1936, kwenye kiwanja kilekile kilichoko mita 2,536 juu ya usawa wa bahari. Wana waangalizi wapatao 200 milimani na vijijini, wengi wao watu wa mahali hapo, na vituo vya kupimia vinavyojiendesha zaidi ya 180. Kwenye programu unaweza kufungua kituo kilicho karibu na unakokwenda ukaona kina cha theluji, joto na upepo. Mimi huwa naangalia upepo wa usiku hasa. Theluji sentimita 20 bila upepo ni furaha; sentimita 20 hizohizo na upepo mkali kwenye kingo za juu, naenda nikijua kwamba nyuma ya kila mgongo wa mlima kuna bamba jipya.

Mwezi wa nne habari inageuka. Hapo taarifa inaweza kukupa ramani mbili, ya asubuhi na ya mchana, kwa sababu usiku theluji inaganda na mchana inalowa na kulegea. Siku hizo tunaondoka saa kumi alfajiri na taa za kichwani, na kabla ya saa sita tumeshuka. Usiku ukiwa na mawingu na theluji isigande, tunalala.

Kwa anayeanza, taarifa inazungumzia eneo zima, haizungumzii mteremko uliosimama mbele yako, na wao wenyewe wanasema hivyo. Kazi ya kuuleta huo ujumbe mpaka kwenye mteremko wako ni yako. Washa kwenye ramani rangi zinazoonyesha mwinamo wa mlima: njano inaanza nyuzi 30, na hapo ndipo mabamba yanapoweza kuondoka. Kukiwa na 3 na tabaka la zamani, mimi nabaki chini ya nyuzi 30, na sitazami tu pale nilipo, natazama na kilichoning'inia juu yangu. Isome ukiwa nyumbani, uihifadhi, maana simu kwenye baridi inazimika ikiwa bado na nusu ya chaji; yangu naiweka kifuani ndani ya fulana, mbali na kifaa cha kutafutia waliofukiwa, kwa sababu simu inaweza kukivuruga. Kifaa hicho, ufito wa kuchokoa na beleshi kila mtu anabeba vyake, na anakuwa amejizoeza navyo, kwa kuwa aliyefukiwa anahesabiwa dakika kumi au kumi na tano, na helikopta ya uokoaji ya Rega, namba 1414, kwa kawaida haifiki ndani ya hizo. Anayekuchimbua ni wifi yako.

Theluji ya kwanza ilianguka katikati ya Oktoba. Upande wa kusini imekwisha, majani yameonekana tena. Jana nilipanda kwa viatu tu mpaka mita 2,400, nikachungulia upande wa kaskazini, kwenye kivuli: bado ipo, sentimita kumi na tano, na ukiishika imeanza kutiririka. Nimempigia rafiki yangu wa Chur. Nikamwambia, dada, andika tarehe.