Banda la chuma la kuku kutoka kwa mafundi wa Dodoma: linamzuia nani, na linamwacha nani?

Mabanda ya chuma yenye miguu minne, yanayouzwa na mafundi wa kuchomelea kandokando ya barabara hapa Dodoma, yamependwa sana na wafugaji wa kuku wa kienyeji mjini. Langu lina paa la bati, mlango mmoja wa mbele, kuta za wavu wa kuku wenye matundu ya pembe sita, na viota vya kutagia pembeni. Liligharimu zaidi kidogo ya shilingi 300,000 pamoja na guta la kulifikisha Nzuguni.

Thamani yake inategemea ni mnyama gani anayekumalizia kuku, na jambo hilo muuzaji hakuuliza. Kuku akitoweka mchana na kuacha manyoya machache tu, mshukiwa wa kwanza ni mwewe. Kuku kadhaa wakiuawa usiku mmoja kwa kung'atwa shingoni, huku nyama nyingi ikiachwa bila kuliwa, kuna uwezekano mkubwa kwamba aliyeingia ni kanu au kicheche, na huyu wa pili mara nyingi hujitangaza kwa harufu yake kali. Mayai yakipotea bila hata kipande cha ganda, fikiria nyoka au kenge. Lakini maganda yaliyovunjika karibu na jiwe ni dalili ya nguchiro, ambaye hulirusha yai nyuma, katikati ya miguu yake, ili ligonge kitu kigumu na kupasuka. Panya hatoi ushahidi mwingi: humburuta kifaranga hadi shimoni, na mfugaji huona tu kwamba hesabu imepungua.

Kwa wanaochimba, banda hili limefaulu vizuri. Sakafu iko juu ya ardhi kiasi cha magoti, kwa hiyo hakuna ukuta wa kufukua chini yake, na uwazi ulioko chini hurahisisha kufagia chakula kilichomwagika ambacho ndicho kinachowaita panya.

Wavu ndio udhaifu mkubwa. Wavu wa aina hii umetengenezwa kumzuia kuku asitoke, wala si kumzuia adui asiingie. Asubuhi moja nilikuta karibu na kiota waya umevutwa kwa nje, matundu mawili yameungana kuwa moja, na nyoya la kahawia limenasa kwenye ncha iliyokatika. Mbwa mwenye njaa huweza kuupasua, nyegere hahitaji hata kuhangaika, na nyoka mwembamba hupita bila kugusa chochote. Wavu mgumu uliochomelewa, wenye matundu ya nusu inchi, ndio uliopaswa kuwekwa, angalau kuzunguka viota na sehemu wanapolala kuku.

Kasoro ya pili haionekani kirahisi mpaka uiname na kutazama juu: mawimbi ya bati yanapokaa juu ya fremu huacha vipenyo mfululizo, na kanu, ambaye ni mpandaji hodari, huingia kwa juu kuliko kwa chini. Nimeviziba kwa vipande vya wavu huohuo mgumu. Komeo nalo ni la kusukuma tu, na upepo wa kiangazi ulilitikisa mpaka likajifungua. Fundi alilibadilisha bila malipo, akaweka lenye tundu la kufuli, na kwa hilo anastahili pongezi.

Joto la bati ni kali mwezi Oktoba na Novemba, kwa hiyo banda liwekwe chini ya mwarobaini au kivuli kingine.

Kuhusu mwewe, banda halisaidii lolote, kwa kuwa saa anazowinda kuku wako nje wakijitafutia. Vifaranga wadogo wafunikwe kwa tenga au wawekewe uzio wenye wavu juu. Wapo wanaoweka nyama yenye sumu, njia ninayoipinga kabisa, kwani huua mbwa wa jirani na ndege wasiohusika, na pengo lililomwingiza mwizi hubaki palepale.

Ninalipendekeza banda hili kwa anayesumbuliwa na wanyama wa usiku, kwa sharti kwamba aagize wavu wa nusu inchi na kuzibwa kwa vipenyo vilivyo chini ya bati kabla ya kulipa malipo ya awali. Mimi nilitozwa marekebisho hayo kama kazi mpya, wakati kuyafanya tangu mwanzo kungeongeza bei kidogo tu, na ningeilipa bila kunung'unika.