Soketi ya kuchomeka kwenye bomba la kopa: inafaa pale mkono hauingii?

Habari zenu wadau, karibuni. Leo mezani nina soketi tatu, yaani viungo vya kuunganisha vipande viwili vya bomba la kopa (shaba nyekundu). Hii ni ya kuchomeka, hii ni ya nati na ringi, na hii ya mwisho ni ya kulehemu. Kazi yenyewe mnaijua: bomba limepondeka au limekatwa ovyo nyuma ya hita, kati ya ukuta na kabati, na mkono unaoingia ni mmoja, tena kwa shida.

Najua kuna atakayeuliza, Kigoma hii nani ana kopa? Kuanzia Mwanga hadi Gungu nyumba mpya ni plastiki tupu. Sawa, lakini panda juu ya paa lenye hita ya jua, au ingia bafu la nyumba ya wageni ya zamani, utaikuta. Ikianza kuvuja anaitwa fundi wa plastiki, anakuja na mashine yake ya kuyeyushia, haina kazi hapo.

Tuanze na hii ya kuchomeka. Ukichungulia ndani utaona duara la meno ya chuma kisichoshika kutu, na oringi ya mpira. Meno yanang'ata bomba lisitoke, oringi inazuia maji. Basi. Hakuna spana, hakuna moto, na bomba likiwa na maji bado linaingia. Hiyo ya maji ndiyo sifa niipendayo zaidi, maana kwenye nyumba yenye koki kuu mbovu bomba halikauki hata ungoje mpaka jioni. Ukitaka kulehemu hapo, maji yananyonya joto lote na risasi ya kulehemu haishiki. Mafundi wa zamani husokomeza nyama ya mkate ndani ya bomba ili izuie matone, halafu maji yakifunguliwa mkate unalainika na kutoka kwenye koki. Inafanya kazi kweli. Lakini moto karibu na mbao za kabati mimi siupendi.

Sasa tatizo lake, na hapa nisikilizeni vizuri. Soketi hii hairekebishi ncha mbovu ya bomba. Oringi inataka bomba la duara kamili, laini, lisilo na mkwaruzo wa urefu. Ukikata kwa msumeno wa chuma ukaacha kingo kali, ile kingo inakata mpira wakati unasukuma. Huoni kitu siku hiyo, unaondoka umelipwa, na mvujo unaanza baadaye. Kwa hiyo kabla ya soketi nunueni kikata bomba kidogo, kile cha kuzungushwa kwa vidole, kinaenea kwenye kiganja. Kata mpaka ufike kwenye kopa nzima, futa kingo ndani na nje, pitisha msasa laini, weka alama ya maka kuonyesha bomba liingie mpaka wapi. Kwa bomba la nusu inchi ni kama sentimita mbili na nusu, ila fuateni karatasi ya kiwanda. Alama isipofika kwenye mdomo wa soketi, hujamaliza.

Na kama kwenye ncha kuna ringi ya zamani iliyobana, usiivute kwa plaizi, utaliviringa bomba liwe yai. Ikate ringi kwa msumeno kimshazari bila kugusa kopa, kisha ipasue kwa bisibisi. Ikiacha mfereji kwenye bomba, hapo kata tena.

Umekata, sasa pengo limekuwa kubwa na bomba halisogei? Omba dukani soketi ya kuteleza, isiyo na kizuizi katikati. Inasukumwa yote upande mmoja, halafu inarudishwa kuziba pengo. Lakini inadai bomba safi, lililonyooka, karibu urefu wa soketi nzima upande ule. Kwenye kona yenye elbo mara nyingi urefu huo haupo.

Hapo ndipo nati na ringi inaponishinda kuitupa. Ringi inapondwa juu ya kopa, kwa hiyo inasamehe mikwaruzo midogo, hasa ringi ya kopa ambayo ni laini kuliko ya brasi. Kaza kwa mkono, kisha takriban mzunguko mmoja wa spana. Msizungushie thredi tepu nati mkidhani ndiyo inazuia maji, kazi hiyo ni ya ringi. Ubaya wake ni spana mbili, moja ishike, nyingine ikaze, na nyuma ya hita spana malaya, ile ya kurekebisha mdomo, haina pa kugeukia.

Dukani mtachanganywa na vipimo. Nusu inchi ya fundi wa mafriji inapimwa kwa nje, milimita 12.7. Nusu inchi ya bomba la maji la Kimarekani ni milimita 15.9 kwa nje. La Kiingereza ni 15. Soketi moja haitoshi yote hayo, kwa hiyo nendeni na kipande cha bomba mkononi.

Uamuzi wangu: kwa maji baridi na ya moto ya kawaida, pale pabanapo, ya kuchomeka nainunua, ingawa bei yake ni kubwa kuliko ya nati. Zile za kampuni ya SharkBite, za muundo wa awali, zimeandikiwa mwisho nyuzi 93 za Selsiasi na presha ya psi 200. Tangi lililo mita sita juu halifikishi hata psi 10, kwa hiyo presha si hoja. Joto ndilo hoja: hita ya jua isiyotumika mchana kutwa inaweza kuchemsha maji. Karibu na paneli ya paani wekeni ya nati, ya kuchomeka ikae chini huko.

Mkimaliza, bomba lifungwe klipu pande zote mbili, maana soketi ya kuchomeka inazunguka. Fungueni maji polepole, mzungushie karatasi ya chooni kwenye kiungo na kuiacha usiku kucha. Ikilowa hata kidogo, kata upya.