Chai ya kukata tumbo ya elfu 45, kumbe ni sanamaki

Jamani naandika hii kwa sababu kila nikifungua simu nakuta mtu anaulizia ile chai ya kukata tumbo, yaani ya kupunguza uzito, kwenye komenti na wote wanajibiwa njoo inbox kipenzi, hakuna anayejibiwa hadharani. Mimi nilienda inbox. Elfu 45 boksi la pakiti 28, bodaboda elfu 5 mpaka Kimara, na nikachukua maboksi mawili kabisa maana niliambiwa kwa kilo zangu (nilikuwa 94) boksi moja ni kupoteza hela.

Mzigo ulifika siku ileile, boksi zuri la pinki, halijafunguliwa. Hapo sina neno.

Unakunywa usiku ukienda kulala. Siku ya tatu nimeamka tumbo linanyonga, nikajikaza nikapanda mwendokasi kwenda kazini, kufika Ubungo nimesimama jasho linanitoka mpaka mgongoni, nikashuka kituo kisicho changu nikaenda kumuomba choo mama ntilie ambaye hanijui, Mungu ambariki yule mama, hakuniuliza kitu akanipa ndoo ya maji na ufunguo. Nikamwandikia muuzaji, akanijibu kwa voisi, hiyo ni sumu inatoka mpenzi, mafuta yanayeyuka, usiache. Nikaendelea wiki mbili, kizunguzungu, miguu inakaza usiku, nikapungua kilo 3, nikapiga picha mzani nikamtumia kwa furaha.

Bibi yangu akaja kutoka Pangani. Akakuta kikombe mezani, akanusa tu, akasema, "Mjukuu wangu, hii si sanamaki hii? Nani kakuambia unywe kila siku?" Sisi tuliokulia pwani sanamaki tunaijua, ulikuwa unanyweshwa siku moja wakati wa likizo kusafisha tumbo, siku hiyo hutoki nje, jioni unapewa uji, imeisha mpaka mwaka mwingine. Nikageuza boksi, nyuma chini kabisa kwa herufi za kukaza macho imeandikwa Cassia angustifolia. Nikagugo, ndo hiyohiyo sanamaki. Nikaenda Kariakoo kwa wauza dawa za asili nikanunua fungu la elfu 2, nikachana pakiti moja ya chai nikamwaga pembeni yake kwenye sahani, majani yaleyale, rangi ileile, tofauti moja yamesagwa na kuwekewa tangawizi.

Na ukielewa inavyofanya kazi unajua kwanini haiwezi kukupunguza. Sanamaki inasukuma utumbo mpana, sasa chakula kikifika huko mwili umeshachukua nguvu yake karibu yote kwenye utumbo mwembamba, kinachotoka ni maji na choo na chumvichumvi za mwili kama potasiamu, ndo maana misuli inakaza na kichwa kinazunguka. Dawa za namna hii wataalamu wanasema usijitumie mwenyewe zaidi ya wiki moja, mimi nimeuziwa ya siku 56. Kilo zangu 3 zilirudi zote ndani ya siku 5.

Ila kilichoniuma kuliko hela ni huyu dada anayeitangaza. Miaka miwili tumemuona anapungua, kila stori ameshika kikombe cha hiyo chai, juzi akiwa laivu kabanwa na maswali ndo akasema aliweka puto tumboni, lile la kukufanya ushibe haraka. Sasa puto si dhambi, ni huduma ya hospitali, hata Mloganzila wanaweka, mtu anapimwa, anafuatiliwa na daktari. Sindano za kupunguza uzito pia si dhambi. Oprah alikaa miaka kibao akiwa sura ya kampuni ya kupunguza uzito ya WeightWatchers, mwezi wa 12 mwaka 2023 akasema wazi kwamba anatumia dawa, na watu wengi tukamuelewa. Kosa ni kupunguzwa na puto halafu unauza chai. Marekani mwaka 2020 tume yao ya biashara iliishtaki kampuni ya chai inaitwa Teami kwa madai ya kupunguza uzito yasiyo na ushahidi, na mastaa 10 waliokuwa wanaitangaza Instagram, Cardi B akiwemo, wakaandikiwa barua za onyo kwa kutosema wazi kuwa wamelipwa. Huku kwetu mtu anaweka kikombe na kopa mbili, basi.

Na angalia wanavyouza. Posti za huyo dada nimezirudia zote usiku mmoja. Hauzi chai, anauza aibu. Picha yake ya zamani amevaa dera zuri anacheka kwenye sherehe ya mdogo wake, kaiandikia juu "nilivyokuwa kama pipa", na kwenye komenti watu wanamtag dada fulani, bonge njoo huku, mumeo atakukimbia, na yeye anaweka laiki. Hao wanaotagiwa ni watu, wanasoma. Mimi nilitagiwa na binamu yangu, ndo nilivyoijua hiyo peji, na sikununua kwa sababu naumwa, presha yangu iko sawa, sukari iko sawa, nilinunua kwa sababu sendoff ilikuwa inakaribia na nilishachoka kuambiwa kitenge cha sare hakitanitosha.

Nyota 1 kati ya 5, na hiyo ni ya bodaboda. Kama unataka kupungua nenda hospitali upimwe kwanza, na ukinunua chochote soma nyuma ya boksi ugugo kila jina usilolijua kabla hujatuma hela.

Nilimuomba muuzaji aitoe ile picha yangu ya mzani, akaniblock. Bado ipo kwenye peji yake, kaiandikia "mteja wetu kapungua kwa wiki mbili tu", mzani unasoma 91, ukiona miguu yenye kucha za bluu hiyo ni yangu na mimi leo nina kilo 94.